Kutu kwenye Kaburi la Mwalimu

Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya minazi, nilichukua ndoo, brashi na sabuni nikaenda kusugua kaburi la mume wangu Aperamo. Liko hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu, upande wa barabara, limejengwa kwa ngazi tatu na kuvikwa vigae vyeupe. Ngazi ya chini na ya juu hazikunipa taabu. Taabu ilikuwa ngazi ya kati. Tangu tetemeko la mwaka juzi lilipoipasua pembeni, kila mvua iliponyesha ulitoka mchirizi mwekundu wa kutu, ukashuka juu ya vigae, ukaingia kwenye majani, ukafuata mteremko kuelekea chemchemi ambayo kijiji kizima huoga na kuchota maji.

Nilisugua hadi vidole vikauma. Jumamosi iliyofuata mchirizi ulikuwa umerudi.

Wapita njia walinisifu. Mke wa mchungaji alisema katika kijiji chetu chote cha Fagavai hakuna mjane anayetunza kaburi kama mimi. Nilimshukuru nikainamisha kichwa. Jioni, baragumu la kome lilipolia na kila nyumba ikaketi kusali, nilishindwa kumaliza sala yangu, kwa maana nilijua kutu ile inatoka wapi.

Niliolewa Fagavai nikiwa na miaka ishirini, nikitokea Vaitoa, upande wa pili wa kisiwa. Shule niliiacha nikiwa na miaka minane, mama alipougua nikabaki kulea wadogo zangu. Zaburi nilizijua kwa moyo kwa kuzisikia. Kanisani nilishika Biblia wazi kama wengine, nikageuza kurasa pale jirani yangu anapogeuza. Aperamo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na miwili, na muda wote huo alijua, wala hakuniaibisha hata siku moja. Alipostaafu, waumini wenzetu wa Auckland walituma kompyuta tisa za zamani, zile za skrini zenye mgongo mkubwa. Akazipanga kwenye ukumbi wa kanisa, akatangaza darasa la jioni la watu wazima. Kisha akarudi nyumbani akaniambia, huku akikuna kichwa, kwamba amepata wanafunzi wanane na kompyuta ni tisa, na ni vibaya moja ikae bure.

Nilikuwa na miaka hamsini na minne.

Tulianza baada ya sala na chakula, Jumatatu na Jumatano. Kabla ya jambo lolote aliita majina. Tulikuwa tisa tu, tunaonana mchana kutwa, lakini alimwita kila mmoja kutoka kwenye daftari na hakuanza mpaka kila mmoja ameitika, "Nipo, mwalimu." Mimi mkewe niliitika vivyo hivyo. Dada yake, Sasagi, aliyepewa kompyuta namba tano, alichelewa kila siku, na kila siku Aperamo alimngoja, kwa sababu kwetu kaka haanzi bila dada yake. Tulikaa tukisikiliza mawimbi na mbu. Hatimaye Sasagi aliingia akijipepea kwa kipepeo cha majani ya mnazi.

"Nimechelewa, mwalimu. Nguruwe walikuwa na kikao."

Aperamo aliandika alama kwenye daftari bila kucheka. Alicheka tukifika nyumbani.

Alinifundisha herufi kwa kidole changu cha shahada. Alikishika, akakipeleka kwenye herufi, akakibonyeza, na herufi ikatokea juu, yenye mwanga. Sijui kama mtu aliyesoma tangu utotoni anaweza kuelewa. Nilikuwa nimezaa watoto watano, nimezika wawili, nimesuka mikeka isiyo na idadi, na sikuwahi kuona kitu nilichokifanya mimi kikisimama peke yake namna ile, kikisomeka.

Hewa ya chumvi haina huruma na vyuma. Mwaka wa pili zilikufa kompyuta mbili, mwaka wa tatu zikafa nne. Mjusi aliingia ndani ya namba saba akaungua humo, ukumbi ukanuka wiki nzima. Aperamo hakuzitoa zilizokufa. Zamu ya kompyuta nzima ikiwa ya mwenzako, ulikaa mbele ya iliyokufa ukapiga herufi kwenye kibodi yake, macho kwenye skrini nyeusi. Yeye alipita nyuma yetu, mikono mgongoni, akisikiliza. Alidai kosa analisikia kwa sauti ya vidole.

Sala yangu ya kwanza ya kuandika niliiandika hapo, kwenye namba nne, wiki moja baada ya kompyuta hiyo kufa. Niliandika: Bwana, naitwa Fuatino. Naandika mwenyewe. Kwenye skrini hapakutokea kitu. Nilijua Bwana amesoma. Aperamo, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, aliweka mkono begani mwangu akasema hakusikia kosa hata moja.

Alifariki hospitalini mjini Apia miaka minne iliyopita, mwezi wa mvua. Watu walikuja kutoka kila upande, na wageni wa Auckland peke yao walikuwa thelathini. Ukumbi wa kanisa ulitakiwa kwa ajili ya kulala, kwa hiyo wanaume walizitoa kompyuta zote tisa, wakazirundika kando ya nyumba yangu na kuzifunika kwa turubai. Tukamzika. Kazi ya kujenga juu ya kaburi ilimwangukia kaka yake mkubwa, Lotomau, kiongozi wa ukoo wetu na fundi wa saruji, naye alitaka imalizike kabla wageni hawajarudi kazini kwao.

Ngazi ya chini ilikwisha. Ngazi ya kati ilikuwa na kuta nne tayari, tupu ndani kama sanduku, ikingoja kujazwa mawe. Mto ukafurika, na lori la mawe likashindwa kuvuka. Lotomau alisimama na mwiko mkononi, mvua ikimtiririka puani, akaniuliza tutajaza nini, maana saruji ilikuwa imeshachanganywa.

Nikatazama lile rundo chini ya turubai.

"Aende na darasa lake," nikasema.

Lotomau aliweka mwiko chini. Alifunua turubai, akaanza kupanga skrini na makasha na kibodi humo ndani, taratibu, kama mtu anayepanga vyombo vya chai, akafunika kwa saruji. Tulikuwa wawili tu; mvua ilikuwa imewafukuza wengine. Sasagi alikuwa amekwenda Apia kusindikiza kundi la kwanza la wageni kwenye ndege. Aliporudi akauliza kompyuta ziko wapi, nilimwambia zimeshaondolewa. Alikuwa na machozi yake; hakuuliza tena. Na mimi siku ile niliona nimefanya jambo jema. Kwa miaka miwili niliketi kwenye ngazi ile jioni, nikawaza kwamba namba nne iko hapo, karibu naye, na sala yangu ndani yake.

Kisha tetemeko likapita, ngazi ikapasuka, na kutu ikaanza kutoka.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, alikuja binti mmoja kutoka Apia anayeitwa Pelenatete, wa chama kinachokusanya vyombo vya umeme vilivyoharibika. Alizungumza na kamati ya wanawake ukumbini. Alisema kuna kontena litakaloondoka bandarini kwenda Nyuzilandi, ambako vitu hivyo hufunguliwa kipande kwa kipande, na shaba, vioo na plastiki kila kimoja kikaenda mahali pake. Alikuwa amekuja na skrini ya zamani, akaiweka juu ya meza ileile ambayo zamani ilikuwa ya Aperamo. Alituonyesha kioo kizito ambacho ndani yake mna madini ya risasi. Alitoa bodi ya kijani, akatuonyesha kibetri cha duara, kidogo kama kifungo cha shati. Alisema ukichoma vitu hivi unavuta sumu, ukivitupa baharini samaki wanakula sumu, na ukivifukia sumu inakaa kimya ikingoja mvua.

Sasagi, ambaye ndiye mwenyekiti, alinyanyua kipepeo chake. "Mwanangu, hiyo sumu inaijua njia ya chemchemini?"

"Inafuata maji, mama," alisema Pelenatete. "Maji yanaijua."

Mimi ni katibu wa kamati. Kazi hiyo nilipewa kwa sababu ya darasa la jioni, na ni heshima kubwa kwa mwanamke aliyeolewa kutoka nje. Kwa hiyo nilikuwa nimekaa mbele, kalamu mkononi, nikaandika maneno hayo yote kwa mwandiko wangu mzuri. Nilipofika kwenye neno kufukia kalamu ilitoboa karatasi.

Nieleze hofu yangu, maana bila hiyo nitaonekana mtu mwovu tu. Mwanamke aliyeolewa Fagavai anakaa kwenye ardhi ya ukoo wa mumewe. Mume akifa, anabaki kwa wema wao. Hakuna aliyewahi kunitamkia jambo, lakini niliwahi kuona mjane mmoja akifungasha mikeka yake baada ya kugombana na mawifi, akapanda basi kurudi kwao alikokuwa hajulikani tena na mtu. Sasagi ndiye binti wa ukoo. Neno lake kuhusu kaka yake, awe hai au marehemu, halipingwi na mwanaume yeyote wa nyumba ile. Nilikuwa nimeweka takataka yenye sumu ndani ya kaburi la kaka yake, nikamficha kwa miaka minne. Niliona wazi basi likinisubiri.

Kamati yetu hukagua usafi wa nyumba za kijiji, na iliamua kwamba ukaguzi wa wiki ile uwe wa vyombo vya umeme. Tulivaa magauni yetu ya kijani, tukaenda nyumba kwa nyumba, Sasagi mbele, mimi na daftari nyuma yake, wanawake wengine kumi pembeni. Vilitoka vitu ambavyo hatukudhania. Kwa shemasi kulikuwa na televisheni tatu zimepangwa na kufunikwa shuka, juu yake chombo cha maua, kama meza ya bwana harusi. Nyumba ya pili kuku alikuwa analalia mayai ndani ya kasha la kompyuta. Mwenye nyumba alisema kuku huyo akihamishwa atasusa.

"Muulize kama ana pasipoti," alisema Sasagi. "Kasha linakwenda Nyuzilandi, naye akipenda aende nalo."

Tulicheka mpaka barabarani. Mimi pia nilicheka, Mungu anisamehe.

Siku ya pili tulifika kwa mama Uputaua. Ni mzee mwembamba, anaishi peke yake karibu na shule. Mwanawe alimtumia kompyuta kutoka Auckland ili waonane uso kwa uso, na mwaka uliofuata mwanawe akafa kazini. Kompyuta nayo ilikuwa imekufa zamani, lakini ilikaa juu ya sanduku la nguo, imefunikwa kwa mkeka laini, na mbele yake palikuwa na kikombe cha koko, kinywaji chetu cha kakao. Mama Uputaua aliweka mkono juu ya mkeka, akasema hii hapana.

Sasagi, mwenye ulimi kwa kila mtu, alishusha kipepeo chake. Alinigeukia mimi, maana mimi ndiye ninayejua kusema na wafiwa. Nikapiga magoti karibu na yule mama. Nilimwambia kwamba mwanawe hayumo ndani ya chombo, yuko kwa Bwana. Nilimwambia juu ya risasi na kibetri na wajukuu wa watu wanaooga chemchemini. Nilisema vizuri sana. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanitazama machoni.

"Ungekuwa wewe, Fuatino, cha Aperamo, ungetoa?"

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wananitazama.

"Ningetoa," nikasema.

Akauondoa mkeka mwenyewe, akaukunja. Nilibeba kompyuta ile hadi kwenye gari lililotufuata kukusanya vyombo, na sikuhisi uzito wake kwa namna neno langu lilivyonilemea. Sasagi aliniangalia pembeni akasema, "Wifi, leo unapumua kama nguruwe aliyeona kisu." Nikamwambia ni jua.

Nyumba yangu ilikuwa ya mwisho, kesho yake.

Jioni ile nilikwenda kwa Lotomau. Alikuwa ameketi akisokota kamba ya makumbi kwenye paja, kama wanavyofanya wazee wakitaka kufikiri. Nilimweleza kwamba nataka kusema. Hakuinua macho. Alisema kontena litaondoka Ijumaa, kijiji kitasahau, na ufa ule yeye atauziba kwa saruji mpya bila mtu kujua. Nilisema ufa unaweza kuzibwa, lakini kilicho ndani kitabaki ndani, na saruji itapasuka tena. Kamba ilisimama mkononi mwake. Nikaona kwamba anaogopa kama mimi, labda kuliko mimi, maana yeye ndiye aliyeshika mwiko.

"Shemeji, nyamaza," alisema polepole. "Sasagi akijua, mimi nitatazamana naye wapi? Na wewe utalala wapi?"

Nilirudi nyumbani kabla baragumu halijalia. Niliketi kwenye mkeka nikiwa peke yangu, nikajaribu kusali zaburi ninazozijua tangu utoto, na hazikuja. Basi nikachukua daftari la kamati, nikafungua ukurasa wa nyuma, nikaandika kama alivyonifundisha, bila haraka, herufi moja na nyingine: Bwana, naitwa Fuatino. Nilisema ningetoa. Nikaishia hapo. Ilitosha kuwa sala, na asubuhi nilijua nitafanya nini.

Wanawake walifika saa tatu. Nilikuwa nimechemsha koko na kuoka shelisheli. Walikagua ndani, wakapata redio moja na pasi, wakanisifu kwa mikeka. Kisha wakatoka nje kupumzika, na kama ilivyo kawaida kwetu walikaa kwenye kaburi, maana pana kivuli cha nyumba na vigae vina baridi. Sasagi alikaa kwenye ngazi ya kati, karibu na ufa.

Nilisimama mbele yake, daftari kifuani.

"Mwenyekiti, nyumba hii haijaisha."

"Imebaki nini?"

"Kompyuta tisa."

Alinitazama kama mtu anayehesabu vyumba vya nyumba anayoijua. Nikamwonyesha kwa kidole, pale alipokaa.

Nilisema yote, tangu turubai mpaka mchirizi. Nilisema neno nililomwambia Lotomau siku ile ya mvua, na kwamba Lotomau alitii tu. Wanawake waliinuka mmoja mmoja kutoka kwenye ngazi wakasogea kando. Sasagi hakuinuka. Alishusha mkono, akagusa ufa, akatazama wekundu kwenye ncha ya kidole chake.

"Namba tano iko humu," alisema.

"Imo."

"Miaka minne, kila Jumamosi, nimekalia kompyuta yangu mwenyewe, na wewe unaniletea koko hapahapa, hukuninong'oneza hata."

Nilishusha daftari.

"Uliogopa nini?"

"Kurudishwa kwetu."

Alifuta kidole chake kwenye kigae. Kuku walipita barabarani. Uso wake sikuweza kuusoma, nami ndiye niliyejifunza kusoma kwa taabu kuliko wote. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Wewe ni katibu. Andika tisa." Kisha akamtuma mmoja wa wanawake akamwite Lotomau, aje na nyundo na tindo.

Lotomau alikuja akiwa amevaa lavalava safi, nguo ya kujifunga kiunoni, na shati la kanisani, kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mzee wa miaka sabini na mbili, alisimama mbele ya mdogo wake Sasagi, kichwa chini. Aliuliza anataka kazi ifanyike lini.

"Ungekuwa umeshaanza," alisema Sasagi, akaondoka zake bila kuaga.

Pelenatete alifika mchana na glavu, maboksi na magunia. Mchungaji alisali kwanza. Alieleza watu waliokusanyika kwamba marehemu amelala chini kabisa, hatutamgusa, tunatoa tu kisichopaswa kuwa pale. Lotomau akaweka tindo kwenye ufa. 

Zilitoka moja moja. Makasha yalikuwa yamejaa malengelenge ya kutu, na sisimizi walikuwa wamejenga ndani ya namba mbili. Skrini mbili zilikuwa zimepasuka. Hizo Pelenatete alizikusanya mwenyewe, akafagia hata vumbi lake na udongo uliobadilika rangi, akafunga gunia mara mbili. Zile nzima tulizifunga kwa mikeka mikuukuu zisigongane njiani. Alitufundisha kung'oa kile kibetri cha duara na kukiweka kwenye chupa kavu. Alituambia pia kwamba ndani ya kila kompyuta mna diski inayotunza maandishi, na ni vizuri itobolewe kabla haijasafiri, hata kama imeoza. Lotomau alipewa kazi hiyo. Alitoboa kwa msumari na nyundo, akisema samahani kila mara, sijui kwa nani.

Kwenye kila kasha kulikuwa na kipande cha plasta, na juu yake jina la mwanafunzi kwa mwandiko wa Aperamo. Wino ulikuwa umefifia, lakini ile herufi F yake, yenye mkia mrefu kama wa panya, niliijua kabla sijapewa. Namba nne. Niliipokea mikononi. Kibodi yake ilifuata, imeganda, udongo kati ya herufi. Niliweka kidole cha shahada kwenye herufi ya kwanza ya jina langu nikabonyeza. Haikushuka.

Pelenatete aliniuliza kwa upole kama nataka kubaki na kitu. Kitufe kimoja cha plastiki hakina madhara, akasema. Nilifikiri. Mama Uputaua alikuwa amesimama nyuma ya watu, mkeka wake mikononi, ananitazama. Nilisema hapana, iende nzima. Nilifunga kibodi pamoja na kasha lake, nikaandika kwenye daftari namba nne, na kwenye nafasi ya jina la aliyekabidhi nikaandika Aperamo, kisha nikaandika hivyohivyo mara nane nyingine. Mama Uputaua alikuja akautandika mkeka wake juu ya boksi langu, akaupapasa ukakaa sawa.

"Umetoa," alisema.

"Nimetoa, mama."

Gari liliondoka kuwahi kivuko. Ngazi ya kati ikabaki wazi, tupu, kama ilivyokuwa siku ile ya mvua.

Lotomau alisema saruji ni ya kesho, saa kumi jioni, na safari hii itajazwa mawe. Mto haukuwa umefurika, lori lingeweza kuja, lakini mmoja wa wanafunzi wa zamani alisema ataleta jiwe lake mwenyewe kutoka ufukweni, na habari ikatembea. Kati ya wale tisa tulibaki saba. Kesho yake, saa kumi, walikuja sita, mimi nikiwemo, kila mmoja na jiwe jeusi la pwani lililosuguliwa na mawimbi. Waliofariki waliletewa na watoto wao. Nilikuwa nimelipata daftari la mahudhurio kwenye sanduku la Aperamo. Waliniomba niite majina, kwa vile sasa naweza.

Niliita. Kila mmoja aliitika, akaweka jiwe ndani. Nilipofika kwa Sasagi hapakuwa na jibu.

Hakuna aliyemwona tangu jana. Watu walitazama barabara, kisha wakanitazama mimi, kisha wakatazama miguu yao. Nilijua wanachofikiri. Dada wa marehemu asipokuja kufunga kaburi alilofungua yeye, hajasamehe, na mimi ningejua la kufanya bila kuambiwa. Asubuhi ile nilikuwa nimeshakunja mikeka miwili, niliyokuja nayo kutoka Vaitoa.

Mtu mmoja alisema tuendelee, saruji inaanza kukauka. Lotomau aliichanganya tena kwa maji kidogo. "Hatuanzi bila yeye," alisema. Kwa hiyo tukangoja. Mwanga ulianza kulala kwenye vigae. Nilishika daftari wazi kwenye ukurasa ule, nikaona alama za Aperamo mbele ya jina la dada yake, kurasa na kurasa, kila siku ameandika amechelewa, kila siku ameandika yupo. Nikasali kimya. Sikuomba kubaki. Niliomba tu aje.

Saruji ilikuwa imechanganywa mara tatu Sasagi alipotokea upande wa chemchemi, polepole, amekumbatia jiwe kubwa kama shelisheli, gauni limelowa mpaka magotini. Hakumtazama mtu. Alipanda ngazi ya chini, akainama, akaliweka jiwe ndani, akaligeuza mara mbili mpaka likakaa.

"Nimechelewa, mwalimu," aliliambia kaburi. "Nilikuwa natafuta lisilo na kutu."

Kisha akanyoosha mgongo, akafuta mikono kwenye gauni, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Wifi, sogea kidogo. Hapo ulipo ndipo ninapokaa Jumamosi ukisugua."

Nikasogea. Nikachukua kalamu nikaandika alama mbele ya jina lake, na Lotomau akatia mwiko kwenye saruji.